Kobla haijui kusoma saa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu pishi la kobla ya matunda, yaani matunda yaliyookwa yakiwa na unga juu, mlilolichapa hivi karibuni kwenye ukurasa wa mapishi. Najua wasomaji wenzangu wana mambo mazito zaidi ya kulalamikia, na mzee anayekaa chini kuandika habari za matunda na unga ataonekana hana kazi. Ni kweli sina, nimestaafu. Ila maisha yangu ya kazi yameishia katika maabara ya shule, nikiwapimia wanafunzi asidi na kuwaoshea bilauri, na pishi lenu limenikera kwa namna ile ile ambayo ripoti mbovu ya jaribio ilikuwa ikinikera: vipimo havipimiki, hatua zimepinduliwa, na mwisho wa jaribio umeamuliwa na saa ya ukutani.

Aliyelikata gazeti na kulibandika jikoni ni mjukuu wangu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuoka. Alilifuata pishi neno kwa neno, kidole kikiwa juu ya mstari.

"Babu, wameandika dakika 40, na zimetimia," akaniambia.

"Katikati kunatokota?"

"Hawajaandika habari za kutokota."

Akaitoa. Juu ilikuwa na rangi ya kupendeza, ya kupigiwa picha. Tulipochota, chini ya ganda lile tukakuta tope la unga mbichi, na chini ya tope matunda yanaogelea katika maji matamu. Mtoto alinywea kwa huzuni. Nikaichukua ile karatasi, nikavaa miwani, nikasoma kutoka juu hadi chini, na barua hii ndiyo matokeo yake.

Nianze na vijiko. Mmeandika "vijiko viwili vya bekingi pauda". Vijiko gani? Kijiko cha chai kinachukua mililita 5, cha mezani mililita 15. Aliyeshika cha mezani ametia mara tatu ya aliyeshika cha chai, na wote wawili wamewatii ninyi. Kwa unga wa gramu 200, vijiko viwili vya chai vinatosha kabisa. Ukitia viwili vya mezani, unga utaumuka kwa pupa, kisha utabonyea katikati na kuacha ukakasi unaoganda ulimini. Vikombe navyo ni hivyo hivyo. Kikombe cha kupimia ni mililita 240 au 250, lakini kikombe cha kunywea kilichopo kabatini kwa mtu kinaweza kuwa cha ukubwa wowote. Gramu hazina ubishi huo. Tena hamkutaja kwamba kuna unga wa ngano unaouzwa ukiwa tayari umechanganywa na bekingi pauda na chumvi. Mwenye unga huo akiongeza vijiko vyenu, amezidisha bila kujua.

Haya ni madogo, nayasamehe. Kosa kubwa liko katika mpangilio, na hapa nitakaa kidogo.

Kobla ni chakula chepesi kuliko jina lake linavyosikika: matunda chini, unga juu, basi. Haina ganda la chini, haitaki unga usukumwe, haitaki pambo. Wahamiaji walioanzisha maisha mapya Marekani waliipika katika sufuria nzito ya chuma yenye miguu, wakitia makaa chini na mengine juu ya mfuniko, kwa matunda yaliyopatikana msimu huo. Baadaye ikawa maarufu zaidi katika majimbo ya kusini kwa matunda ya pichi. Jambo ninalotaka mlione ni kwamba watu wale hawakuwa na kitufe cha nyuzi joto wala kengele ya dakika. Waliangalia, wakasikiliza, wakanusa.

Sasa, ziko namna mbili kuu za kuuweka huo unga. Kuna kobla ya kumimina, ambayo unga wake ni rojo jepesi la maziwa. Na kuna kobla ya kudondosha, ambayo unga wake ni mzito, unachotwa kwa kijiko na kuwekwa vidonge vidonge juu ya matunda. Kila namna ina utaratibu wake, na pishi lenu limechukua rojo la ile ya kwanza likaliweka mahali pa unga wa ile ya pili. Mmeagiza rojo limiminwe juu ya kilo nzima ya matunda mabichi, ya baridi, yaliyojaa maji. Fikirini kinachotokea ndani ya oveni. Juu kuna hewa ya nyuzi 190, chini kuna rundo baridi la matunda linalomeza joto lote kabla halijafika katikati. Sehemu ya juu ya rojo inakauka na kupata rangi upesi. Sehemu ya chini imekalia maji, na badala ya kuokwa inalowa. Rangi nzuri ikishatokea juu, mpishi anaamini imeiva. Dakika 40 zenu zikamalizia kumdanganya.

Kobla ya kumimina inatakiwa mpangilio wake upinduliwe. Unayeyusha siagi gramu 100 ndani ya chombo chenyewe cha kuokea, kwenye oveni, mpaka ianze kuchemka chemka. Pembeni unachanganya unga gramu 125, sukari gramu 150, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo sana na maziwa mililita 240. Unalimimina rojo juu ya siagi ya moto, na usikoroge, hata mkono ukiwasha namna gani. Ndipo unatandaza nusu kilo ya matunda juu yake. Siagi ya moto inaanza kuivisha rojo kwa chini papo hapo, gesi ya bekingi pauda inalinyanyua, na rojo linapanda lenyewe kuyazunguka matunda na kuyafunika. Ukitoa, kilichokuwa chini kimekuja juu. Nimefanya kazi na kemikali muda mrefu na bado jambo hilo linanifurahisha kila mara.

Mimi binafsi napendelea ya kudondosha, kwa sababu matunda yanabaki kuwa matunda na unga unabaki na ukavu wake. Naomba mnivumilie niieleze kwa ukamilifu, maana sipendi kukosoa bila kuweka kitu mezani.

Matunda ni kilo moja yakishamenywa na kutolewa kokwa. Pichi, plamu, tufaha, embe lililoiva lakini bado gumu, au mchanganyiko wowote. Pichi humenyeka kirahisi ukilitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika au zaidi kidogo, kisha ukalizamisha kwenye maji baridi. Ngozi inavulika kwa vidole. Tufaha ni gumu na linachelewa kuiva, kwa hiyo likatwe vipande vyembamba, na ukitaka uhakika lipike kidogo kwenye sufuria kabla. Matunda yaliyogandishwa yanafaa pia, ila yanatoa maji mengi zaidi. Ya kopo yachujwe sharubati yake kwanza.

Sukari: ninyi mmeandika vikombe viwili kwa matunda peke yake. Kwa nini? Gramu 100 kwa kilo zinatosha matunda yaliyoiva vizuri, na hata hizo uonje kwanza. Sukari nyingi haiishii kwenye utamu tu. Inavuta maji kutoka ndani ya matunda, ndiyo maana ukiyanyunyizia sukari na kuyaacha kwa nusu saa utakuta yameogelea, na tena inauchelewesha wanga usishike. Kwa maneno mengine, mmeongeza maji na papo hapo mkamfunga mikono yule anayetakiwa kuyazuia. Bila shaka lile ziwa tulilolikuta chini limeanzia hapo.

Huyo wa kuyazuia ni wanga wa mahindi, ule unga laini mweupe unaotumika kuufanya mchuzi uwe mzito. Vijiko viwili vya mezani kwa kilo, au vitatu kama matunda yamegandishwa. Unachanganywa na sukari ikiwa kavu kwanza ndipo matunda yaingie, la sivyo unajikusanya madonge. Ongeza kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limau na chumvi kidogo. Unga wa ngano nao unaweza kufanya kazi hiyo, lakini unaacha ukungu katika sharubati, wakati wanga wa mahindi unaiacha iking'aa. Kitu cha kukumbuka ni kwamba wanga huo haushiki sawasawa mpaka joto likaribie nyuzi 95. Kobla ambayo katikati yake haikuchemka itabaki maji hata ikilala kwenye friji usiku kucha.

Na hapa ndipo hatua ambayo pishi lenu halikuwa nayo kabisa: matunda yaingie oveni peke yake kwanza, nyuzi 190, kama robo saa, mpaka pembeni yaanze kutokota. Wakati yanapata moto, unatengeneza unga. Gramu 200 za unga wa ngano, gramu 50 za sukari, vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chekecha. Kisha siagi gramu 80, ya baridi, iliyotoka friji wakati huo huo, ikatwe vipande na kufikichwa kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ubaki mfano wa makombo ya mkate. Vipande vichache vya siagi vikibaki vikubwa kidogo, viacheni. Vikifika kwenye moto vinayeyuka na maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaouacha unga ukiwa na mianya na wepesi. Siagi iliyokwisha kuyeyuka mezani haiwezi kuacha mianya hiyo.

Mwisho maziwa, au mtindi, mililita 150. Mimina, geuza kwa uma mara chache, simama. Msikande! Ukikanda, gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, inajifunga na unga unakuwa mgumu wa kutafuna, jambo linalofaa mkate na si hili. Unga ukionekana umevurugika na haujalainika, ndivyo unavyotakiwa. Tena usiusubirishe. Bekingi pauda nyingi za siku hizi zinatoa gesi mara mbili, mara ya kwanza zinapolowa na mara ya pili zinapopata moto. Unga uliolowa ukiachwa mezani wakati mpishi anajibu simu, ile gesi ya kwanza inaondoka bure.

Toa matunda, yakiwa bado yanatokota dondosha unga juu yake kwa kijiko, na uache nafasi kati ya donge na donge. Nafasi hizo zina kazi: mvuke unatokea hapo, na wewe unapata dirisha la kuchungulia. Unga uliokalia matunda ya moto unaivia chini kwa mvuke na juu kwa hewa ya oveni, pande zote mbili kwa pamoja. Chombo kisijazwe hadi ukingoni, na chini yake iwekwe sinia, kwa sababu sharubati ikimwagikia sakafu ya oveni itaungua na kujaza moshi nyumba nzima.

Sasa dakika. Zitakuwa 25, zitakuwa 35, sijui, na ninyi hamjui, kwa sababu hamjaiona oveni ya msomaji. Nimefanya kazi na vipimajoto tangu ujana wangu na nawahakikishieni kwamba kitufe cha oveni ni cha kutilia shaka. Kikionyesha 190, ndani kunaweza kuwa pungufu au kuzidi kwa kiasi kinachoonekana kwenye chakula. Chombo cha udongo kizito kinachelewa kupata moto kuliko bati jembamba. Matunda yenye maji yanachelewa kuliko makavu. Kwa hiyo mwelezeni mpishi aangalie nini. Mapovu yatokee katikati ya chombo, si pembeni tu, na yawe mazito, yanapasuka polepole. Mapovu mepesi yanayokimbizana yanasema wanga bado. Masikio yanasaidia hapa, maana sharubati nyepesi inachachatika na nzito inatoa mlio mnene wa taratibu. Kwa unga, chomeka kijiti katika donge la katikati kitoke bila tope. Usipoamini, linyanyue donge moja kwa uma na utazame tumbo lake. Likiwa linang'aa na kunata, rudisha. Juu kukiwahi kupata rangi wakati ndani bado, funika kwa karatasi ya foili na uendelee.

Asiye na oveni asikate tamaa. Sufuria nzito yenye mfuniko bapa inatosha: makaa machache chini, mengi yapaliwe juu ya mfuniko, maana chini kuna sukari na sukari inaungua upesi. Dalili za kuiva ni zile zile. Sufuria ya alumini tupu naikataa kwa matunda makali, kwani asidi inaila na chakula kinapata ladha ya bati. Afadhali ya enameli, au chuma kilichokwisha kukolezwa mafuta vizuri. Wanaotumia chombo cha kioo wasikitoe kwenye friji na kukiingiza oveni ya moto, wala wasikiweke kikiwa cha moto juu ya meza iliyolowa, kitapasuka.

Nimeona pia msomaji mmoja, katika toleo lililofuata, akishauri badala ya bekingi pauda mtu atie magadi soda kwa kipimo kile kile. Nampa heshima yake, lakini hapana. Magadi soda ina nguvu takribani mara tatu, na inahitaji asidi ya kupambana nayo, mathalani mtindi. Ikibaki bila asidi, unga unapata ladha ya sabuni. Na kama matunda ni yale madogo ya zambarau, buluberi na jamii yake, sehemu zilizoguswa na magadi zinageuka buluu, wakati mwingine kijani. Rangi hiyo ni kiashiria kizuri cha asidi na besi, na tuliwahi kuitumia maabarani kilipokosekana kiashiria cha dukani. Kwenye sahani haimpi mtu hamu ya kula.

Ikishaiva, iachwe nusu saa. Wanga unaendelea kuwa mzito kadiri unavyopoa, na sharubati ya matunda ikiwa moto inaunguza midomo kuliko maji. Hii nayo haikuwemo kwenye pishi lenu. Mlisema "toa na ugawe". Itakayobaki ifunikwe na kuwekwa kwenye friji, italika kwa siku tatu hivi. Unga wa juu utalainika, hilo halizuiliki, ila ukiirudisha oveni kwa dakika chache utapata tena sehemu ya ukavu wake.

Habari za kuipamba kwa krimu ya kupigwa, rangi ya chakula na cheri tatu juu sitazigusa. Kila mtu na sherehe zake.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mlichape upya pishi lile, vijiko vikiwa vimetajwa ni vya chai au vya mezani, matunda yakiwa yametangulia motoni, na kila palipoandikwa dakika paandikwe pia mpishi aone nini, asikie nini. Mwandishi wenu wa mapishi anaandika vizuri, na pishi lake la mkate lililotangulia halikuwa na kasoro, kwa hiyo najua anaweza. Barua hii najua ni ndefu kuliko mnavyoruhusu. Mkilazimika kuipunguza, kateni yale ya magadi soda na ya cheri. Ya vijiko msiyakate.

Wako,
Fundi wa maabara mstaafu
(Jina na anwani mnavyo)